Namna ya Kuunda Maswali ya Kiingereza kwa Kuanzia na Kiswahili Unachokijua

Kwa Kiswahili, sauti peke yake inatosha kugeuza habari kuwa swali. Mtu aliyesimama stendi ya Mtwara akisema "Basi la Masasi limeondoka," ametoa taarifa. Akiyarudia maneno yaleyale huku akipandisha sauti mwishoni, ameuliza, na hakuna neno hata moja lililohama mahali pake. Kiingereza hakiendi hivyo. Humo lazima kitenzi kimoja kidogo kiondoke mahali pake, kimvuke mtenda na kukaa mbele yake, ndipo msikilizaji ajue kwamba ameulizwa: "The bus has left" ni habari, "Has the bus left?" ni swali. Kitenzi hicho kidogo kinachovuka ndicho tunachokiita kitenzi kisaidizi, na mwongozo huu unahusu namna ya kukichagua na mahali pa kukiweka.

Nimeuandika kwa ajili ya watu ambao nimekaa nao jioni nyingi hapa Mtwara: vijana wanaoongoza wageni Mikindani, wahudumu wa nyumba za wageni, na wanafunzi wa kidato cha kwanza waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha wakakuta karibu kila somo la sekondari linafundishwa kwa Kiingereza. Wengi wao hawapungukiwi na maneno. Kinachowashinda ni kuuliza. Nimemwona mtoto mwenye akili nzuri ya hesabu akinyamaza kipindi kizima, si kwa sababu alielewa, bali kwa sababu hakujua swali lake lianzie wapi. Jambo hilo linaniuma, kwa kuwa dawa yake imo ndani ya Kiswahili ambacho mtoto huyo anakizungumza tangu utotoni: kiambishi cha wakati kilichomo katika kitenzi chako cha Kiswahili, kile -na-, -li-, -me- au -ta-, mara nyingi ndicho kinachokuonyesha kisaidizi cha Kiingereza unachokihitaji.

Hatua ya kwanza: vijue visaidizi vyenyewe

Visaidizi si vingi, na ni vyema kuvihifadhi kwa moyo. Kundi la kwanza ni "am, is, are, was, were". Kundi la pili ni "have, has, had". Kundi la tatu ni "do, does, did". Kundi la nne ni vile vinavyobeba uwezo, ruhusa, wajibu na matarajio: "can, could, may, might, shall, should, will, would, must".

Kanuni ya msingi ni kwamba ikiwa sentensi tayari ina kisaidizi, kichukue hichohicho ukipeleke mbele ya mtenda, na maneno mengine yote yabaki kama yalivyokuwa. "She is grating coconut" inakuwa "Is she grating coconut?" "They can swim" inakuwa "Can they swim?" Visaidizi vikiwa viwili, kinachovuka ni cha kwanza tu: "The cashew nuts have been weighed" inakuwa "Have the cashew nuts been weighed?" na "been" inabaki nyuma.

Kundi la kwanza lina sifa ya pekee, kwa sababu huvuka hata linaposimama peke yake bila kitenzi kingine. "Samaki huyu ni mbichi?" ni "Is this fish fresh?" na "Uko wapi?" ni "Where are you?"

Hatua ya pili: "do" si "je"

Hapa ndipo penye kosa ninalolisikia kuliko mengine yote. Mwanafunzi anajua kwamba Kiswahili kina neno "je" linaloweza kuwekwa mbele ya swali lolote, naye anadhani "do" ni "je" ya Kiingereza. Matokeo yake ni "Do you are going to Lindi?" na "Do you can swim?" Sentensi hizo mbili zina visaidizi viwili viwili, kimoja cha kuazima na kimoja cha asili, na Kiingereza hakivumilii jambo hilo. "Do" huitwa tu pale ambapo sentensi haina kisaidizi chochote cha kuvusha.

Chukua sentensi "Your mother sells octopus." Itafute "is", itafute "can", huzioni. Kilichopo ni "sells" tu, na kitenzi cha kawaida kama hicho hakiruhusiwi kuvuka chenyewe katika Kiingereza cha leo. Kwa hiyo tunamwita "do" aje kufanya kazi ya kuvuka, naye anapokuja anauchukua mzigo wa wakati na wa nafsi aliokuwa ameubeba mwenzake: ile "s" inahama kutoka "sells" na kuingia katika "does", na kitenzi kikuu kinabaki kitupu. "Does your mother sell octopus?" Anayesema "Does your mother sells" ameuacha mzigo mmoja uhesabiwe mara mbili.

Ndivyo ilivyo kwa "did". Mwaka 1866 Livingstone aliondoka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho ya bara, na mgeni yeyote anayefika pale huenda akaliuliza jambo hilo: "When did Livingstone leave Mikindani?" Jibu ni "He left Mikindani in 1866." Linganisha "leave" ya kwenye swali na "left" ya kwenye jibu. Katika swali, wakati uliopita umeshabebwa na "did", ndiyo maana "leave" imerudi katika umbo lake la asili. Katika jibu "did" haipo, hivyo kitenzi kinajibebea wakati chenyewe. Atakayeielewa jozi hii moja hatasema tena "Did he went" wala "Did you saw".

Hatua ya tatu: acha kiambishi cha wakati kikuongoze

Kabla ya kufungua mdomo, jiulize swali lako kimoyomoyo kwa Kiswahili na usikilize kiambishi.

Ukisikia -ta-, kisaidizi ni "will": "Mtarudi kesho?" ni "Will you come back tomorrow?" Ukisikia -nge-, ni "would": "Ungependa kuliona Boma la Kale?" ni "Would you like to see the Old Boma?" Ukisikia -li-, ni "did", isipokuwa kitenzi chako ni "kuwa", ambacho hutumia "was" au "were": "Ulikuwa wapi jana?" ni "Where were you yesterday?" Ongeza hapo "Ulizaliwa wapi?" ambayo ni "Where were you born?" kwa sababu kwa Kiingereza kuzaliwa ni jambo unalotendewa, nalo huenda na "was" au "were", si "did".

Kiambishi -na- kinahitaji utulivu zaidi, maana kimebeba maana mbili. "Unauza korosho?" inaweza kumaanisha kazi ya kila siku ya yule mama mwenye beseni kando ya barabara, na inaweza kumaanisha tendo linaloendelea saa hii. Kwa maana ya kwanza ni "Do you sell cashew nuts?" na kwa maana ya pili ni "Are you selling cashew nuts?" Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: ikiwa unaweza kuibadilisha -na- kuwa hu-, ukasema "Wewe huuza korosho?" bila kuharibu maana, basi chukua "do", ikiwa unaweza kuongeza "sasa hivi", chukua "are" na kitenzi chenye "-ing". Kipimo hicho kina vighairi vyake. Kutaka, kujua, kupenda, kuelewa na kuhitaji hubaki na "do" hata kama ni sasa hivi. "Unataka maji?" ni "Do you want water?" wala si "Are you wanting water?"

Kiambishi -me- nacho kinagawanyika, na sehemu hii vitabu vingi huipita haraka. Kikiwa kinaeleza tendo lililokwisha kufanyika, kisaidizi ni "have" au "has": "Umekula?" ni "Have you eaten?" na "Umewahi kufika Msimbati?" ni "Have you ever been to Msimbati?" Lakini mara nyingi sisi hutumia -me- kueleza hali aliyonayo mtu au kitu, si tendo. "Umechoka?" hatumuulizi mtu lini alichoka; tunamuuliza yuko katika hali gani. Hapo Kiingereza hutumia kundi la kwanza: "Are you tired?" Vilevile "Amelala?" ni "Is she asleep?" na "Duka limefungwa?" ni "Is the shop closed?" Kwa hiyo usikurupuke kusema "have" kila unaposikia -me-. Jiulize kwanza kama unauliza jambo lililotendeka au hali iliyopo.

Limebaki neno dogo linalowatesa wengi, nalo ni "kuna". "Kuna basi la Newala?" ni "Is there a bus to Newala?" na kwa vitu vingi ni "Are there…?" Kwa kuwa ndani ya "kuna" tunaisikia "na" ileile ya "nina" na "una", watu husema "Have a bus to Newala?" Kumbuka kwamba kuwepo kwa kitu huulizwa kwa "is there", na kumiliki kitu huulizwa kwa "do you have". Umri nao usiutafsiri neno kwa neno: "Una miaka mingapi?" ni "How old are you?"

Hatua ya nne: maneno ya kuulizia

Kiswahili hukiacha kiulizi mahali ambapo jibu litakaa. Tunasema "Unakwenda wapi?" kwa sababu jibu ni "Nakwenda Lindi," na neno "Lindi" linakaa palepale palipokuwa na "wapi". Kiingereza hukiinua kiulizi na kukiweka mwanzo kabisa, kisha kisaidizi, kisha mtenda, kisha kitenzi kikuu: "Where are you going?" Mpangilio huo wa nne, yaani kiulizi, kisaidizi, mtenda, kitenzi, urudie kwa sauti kila siku mpaka ulimi uuzoee wenyewe.

Neno "ngapi" linapokwenda mbele huiburuta na nomino yake. "Unataka kilo ngapi?" ni "How many kilos do you want?" nawe huwezi kuiacha "kilos" nyuma. Bei nayo inahitaji kisaidizi: "Kilo moja ni bei gani?" ni "How much is a kilo?" au "How much does a kilo cost?"

Sasa kuna swali moja ambalo halimhitaji "do" kabisa, nalo ni lile ambalo kiulizi chenyewe ndicho mtenda. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Nikiuliza "Nani alifika Kilwa mwaka 1331?" simjui mtenda, na kwa Kiingereza nasema "Who visited Kilwa in 1331?" bila "did". Nikiuliza "Ibn Battuta alifika Kilwa lini?" mtenda namjua, ninachokitafuta ni wakati, na kwa hiyo "did" inarudi: "When did Ibn Battuta visit Kilwa?" Kwa watu wawili mambo ni hayohayo. "Nani alikuona?" ni "Who saw you?" na "Ulimwona nani?" ni "Who did you see?" Kiswahili kimekwisha kukuonyesha tofauti, kwani "nani" wa kwanza yuko mbele ya kitenzi akitenda, na "nani" wa pili yuko nyuma ya kitenzi akitendewa.

Wanafunzi wa Lindi hufurahia kuyajaribu haya kwa mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, wa Tendaguru, ambao Wajerumani waliifukua mifupa yao kati ya 1909 na 1913. "Who dug up the bones?" haina "did". "When did they dig up the bones?" inayo. "Where were the bones taken?" ina "were", kwa sababu mifupa haikujipeleka, ilipelekwa, na swali la kutendewa huchukua kundi la kwanza. Jibu ni Berlin, na mpaka leo kiunzi kimoja kikubwa kimesimamishwa katika makumbusho ya huko. Swali linalofuata baada ya hapo, "Can we bring them back?", wanafunzi hulitunga wenyewe bila kufundishwa.

Hatua ya tano: kuomba, kupendekeza na kuuliza kwa adabu

Kwetu mtu hamwendei mzee na swali kabla ya shikamoo, na adabu yetu inakaa katika salamu, katika "naomba" na "tafadhali", na katika vitenzi vinavyoishia na -e. Kiingereza kimeiweka sehemu kubwa ya adabu yake katika kundi la nne la visaidizi. Ndiyo maana mtu mwenye heshima zake, akitafsiri maneno bila kisaidizi, husikika kama anaamrisha. "Naomba maji" ikigeuka "Give me water" imepoteza "naomba" yote, irudishe kwa kusema "Could I have some water, please?" Mahali pa shikamoo weka "Good morning", au "Excuse me" ikiwa unamsimamisha mpita njia.

Vitenzi vyetu vya -e ni hazina hapa. Ukiuliza "Niingie?" unaomba ruhusa, nayo ni "May I come in?" Ukiuliza "Nifunge mlango?" unajitolea kufanya jambo, nayo ni "Shall I close the door?" Ukiuliza "Tuondoke?" unapendekeza, nayo ni "Shall we go?" Ukiuliza "Nije saa ngapi?" unataka maelekezo, nayo ni "What time should I come?" Kwa Kiswahili umbo ni lilelile moja, ila nia inatofautiana, na Kiingereza kinakulazimisha uitaje nia hiyo kwa kisaidizi.

"Unaweza" ni "can" ukimuuliza rafiki au ukiuliza uwezo wenyewe, na ni heri iwe "could" ukimwomba mtu usiyemjua: "Could you help me, please?" Kuna pia "unajua" ambayo kwa kweli inauliza uwezo. "Unajua kuogelea?" si "Do you know to swim?" bali ni "Can you swim?" Baada ya visaidizi hivi kitenzi huja kitupu, bila "to" na bila "s": "Can I help you?" si "Can I to help you?"

Kuhusu "lazima", nakushauri uiache "must" katika maswali ya kawaida, kwa sababu "Must I pay?" husikika kama malalamiko. Sema "Do I have to pay?" Utaona kwamba "have to" inamhitaji "do", ingawa ina neno "have" ndani yake.

Jambo moja la kuangalia sana: ukishaanza na "Could you tell me", kisaidizi kimekwisha kuvuka, na sehemu inayofuata hurudi katika mpangilio wa habari. "Unaweza kuniambia stendi iko wapi?" ni "Could you tell me where the bus station is?" na ile "is" inakaa mwisho. Wanafunzi wazuri kabisa hukosea hapa kwa kuvusha visaidizi viwili katika sentensi moja.

Hatua ya sita: swali la kukanusha na jibu lake

Binti mmoja niliyekuwa nikimfundisha alikuwa akifanya usafi katika nyumba ya wageni. Asubuhi moja mgeni alitoka chumbani akamuuliza, "Didn't you see my keys?" Yeye alilielewa swali vizuri: "Hukuziona funguo zangu?" Akajibu kama sisi sote tunavyojibu, "Ndiyo," yaani ndiyo, sikuziona. Alisema "Yes." Mgeni akasikia kwamba ameziona, akamuuliza zilipo, na binti akabaki ameduwaa. Funguo zilipatikana baadaye katika mfuko wa suruali ya mgeni mwenyewe, lakini kwa saa nzima binti yule alitazamwa kama mwizi kwa ajili ya neno moja, na jioni alinisimulia huku machozi yakimlengalenga.

Kosa halikuwa la akili. "Ndiyo" ya Kiswahili humkubali msemaji: umesema sikuziona, nami nakubaliana nawe. "Yes" ya Kiingereza haimtazami msemaji, hulitazama jambo lenyewe: kama umeona ni "Yes", kama hukuona ni "No", hata swali liwe la kukanusha namna gani. Kwa hiyo ukisikia "Didn't you", "Haven't you" au "Can't you", liondoe lile "n't" akilini mwako, ujibu swali lililobaki. Kisha usiishie kwenye "Yes" au "No" tupu, kirudishe kisaidizi ulichoulizwa nacho: "No, I didn't." Kisaidizi hicho kinakulinda, kwa sababu hata ukiteleza kwenye neno la kwanza, la mwisho litamwonyesha mgeni ulichokusudia.

Mkia wetu wa "sivyo?" au "siyo?" nao hubadilika kulingana na kisaidizi. "Unatoka Nachingwea, sivyo?" ni "You come from Nachingwea, don't you?" na "Umechoka, sivyo?" ni "You're tired, aren't you?" Mpaka uuzoee, ni salama zaidi kuuliza swali la kawaida.

Hatua ya saba: mazoezi

Kila jioni andika maswali kumi uliyoyauliza kweli siku hiyo kwa Kiswahili, nyumbani, sokoni au kazini, yakiwa kama ulivyoyatamka. Pigia mstari kiambishi cha wakati katika kila swali, andika kisaidizi chake pembeni, na mwisho ndipo uandike swali zima la Kiingereza. Yasome kwa sauti. Swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana lipandishe mwishoni kama ulivyozoea. Lile linaloanza na "where", "when", "why" au "how" lishushe, kwa sababu kiulizi kimekwisha kutoa taarifa kwamba ni swali. Ukiwa na mwenzako, mmoja aulize na mwingine ajibu kwa kurudisha kisaidizi, kisha mbadilishane. Unaweza kuanza leo na haya: "Umefika lini?" "Nani amekuleta?" "Unakaa wapi?" "Kuna maji?" "Nikusaidie mzigo?"